Jumapili Tuliyoiongeza Ilagala

Ujiji, Jumamosi mchana

Generoza, dada yangu,

Tangu asubuhi nakaa kukuandikia, na kila nikifika mstari wa pili nasimama. Nimefagia uwanja uliokuwa umeshafagiliwa. Nimetoa nguo kwenye begi, nimezikunja upya, nimezirudisha. Binti yako Alina amekaa barazani anachambua mchele, ananitazama nikipita na kurudi, wala haniulizi kitu.

Keshokutwa tunapanda basi la Manyovu, tuvuke mpaka, niende kwenu kwa mara ya kwanza. Mwaka umetimia tangu utuache na ndugu zako wanaondoa tanga. Alina amekuja mwenyewe kunichukua. Lakini kabla sijasimama mbele ya kaburi lako, kuna neno ambalo lazima ulipate wewe. Nimelikalia zaidi ya miaka ishirini. Umekufa bila kulisikia kinywani mwangu.

Nianze na gari, maana bila lile gari pengine nisingeingia kwenye jaribu lile.

Unakumbuka kaka yangu Kasimu alivyolinunua, gari la wagonjwa lililokufa, na akakaa nalo miezi saba uwanjani akilifufua. Mahali pa machela akapiga kitanda cha mbao, chini yake akaweka droo za sufuria na unga. Juu ya bodi akafunga pipa la maji, mlangoni akatia meza ya kukunja. Mapazia uliyashona wewe, kwa vitenge vyako, kule kwenye kambi ya wakimbizi. Mtaani wakaliita Nyumba Inakwenda. Kasimu alikuwa na ndoto ya kuwazungusha wageni wanaopenda kuona milima na ziwa, wawe wanalala humo humo. Ila kabla ya kumpakia mgeni yeyote alitaka kulijaribu. Akasema twende sisi watatu, siku nne, yeye atalala nje chini ya turubai na sisi wawili ndani.

Mimi nilikuwa nesi wa zahanati ya kambi, wewe mkalimani wangu. Mimi Mmanyema wa Ujiji, Kirundi chako sikijui, na Kiha changu ni cha kuombea maji tu. Kwa miaka mitatu ulikuwa unakaa kati yangu na wagonjwa, ukinipa maumivu yao kwa Kiswahili. Kama mkimbizi hukuruhusiwa kutoka bila kibali. Tukakiomba, kwa sababu ya kweli kabisa, macho yako yalikuwa yanataka kupimwa Kigoma mjini. Ukapewa kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu. Alina alikuwa na miaka minne. Ukamwacha kwa jirani yako, Mama Domitila.

Sasa lile neno.

Jumatano, siku moja kabla ya safari, karani wa ofisi ya kambi alipita zahanati kuleta barua za wagonjwa. Alinikuta mlangoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa zawadi, "Mkalimani wako jina lake limo. Wale wa nchi ya tatu wanaanza usaili Jumatatu asubuhi. Majina yanabandikwa kesho. Mwambie asikose."

Nikamjibu, "Nitamwambia."

Ulikuwa nyuma ya pazia, hatua tano kutoka niliposimama, ukimtafsiria mzee mmoja aliyekuwa na kifua. Nikaja mpaka kwenye pazia. Nikafungua mdomo. Nikakuambia usisahau sweta, Manyovu kuna baridi.

Nimesimama tena hapa. Nimekwenda kunywa maji, nimerudi.

Kwa nini sikusema? Unajua mwaka ule mume wangu alikuwa ameniacha, kwa ajili ya watoto ambao hawakuja. Chumba changu pale kambini kilikuwa na kitanda na ndoo. Jioni zangu zote zilikuwa kwako, kwenye jiko lako, Alina akilala mapajani mwangu. Wewe ulikuwa unasubiri nchi ya tatu, huko ng'ambo wanakowahamishia wakimbizi, tangu kabla sijakufahamu, na mimi nilikuwa naomba, Mungu anisamehe, usiitwe. Nilijua ukisikia hutakwenda popote. Utakaa kambini kukariri majibu. Nikajiambia Jumapili jioni tutakuwa tumesharudi, utayakuta majina ukutani, Jumatatu asubuhi utakwenda. Nikajiambia sikunyimi kitu, nakupunguzia wasiwasi wa siku nne tu.

Tukaondoka Alhamisi alfajiri. Vumbi la Kasulu lilituingia mpaka kwenye meno. Kasimu aliimba njia nzima kwa sauti mbaya. Kufika juu Manyovu, ukungu ukafunguka na ukamwomba asimamishe gari. Ukashuka na sweta lako, ukasimama ukingoni mwa barabara penye migomba, mbele yako milima ya kwenu, mmoja nyuma ya mwingine, kijani, halafu bluu, halafu kama moshi. Ukaninyooshea kidole mlima wa nyumbani kwa mama yako. Mimi sikuutofautisha na mingine.

Nilidhani utalia. Hukulia. Ulimenya ndizi ukala, ukasema, "Mwajuma, mimi wakiniita kwenda mbali nitakwenda hata kesho. Kule siwezi kurudi nikawa mgeni kwetu. Shamba letu analilima mtu mwingine sasa."

Pale ndipo ningesema. Kasimu alikuwa anaongeza maji kwenye rejeta, tulikuwa wawili tu, barabara ya kurudi ilikuwa wazi. Nilikushika mkono, nikanyamaza. Ukadhani nimekuonea huruma, ukanishukuru.

Ijumaa tulishuka kwa njia ya Kalinzi. Unakumbuka yule mama? Rangi mpya ya Kasimu haikufunika vizuri alama ya hospitali, kwa hiyo kila kijiji watu walitupisha njia na kuvua kofia, wakidhani tumebeba mgonjwa. Kasimu alikuwa anawapungia mkono kwa heshima zote. Halafu penye mashamba ya kahawa yule mama akaingia katikati ya barabara na mtoto mgongoni, akasimamisha gari. Mtoto alikuwa anachemka, macho yameingia ndani. Tukampandisha kwenye kitanda chetu. Nilikuwa na dawa zangu za safari, na maji ya chumvi na sukari tuliyatengeneza pale pale kwenye meza ya kukunja. Wewe uliongea naye Kirundi, yeye akajibu Kiha, mkaelewana kama ndugu. Tukamrudisha kwao, nyumba ya mwisho juu kabisa, mtoto ameshaanza kulia kwa nguvu, na baba yake akatufuata na mkungu wa ndizi tuliokosa mahali pa kuuweka. Ulicheka mpaka Mwandiga. Ulikuwa unasema Kasimu awaambie wageni wake kwamba chumba kina na nesi.

Kisha ile kona ya mwisho kabla ya mji, ziwa likajitokeza lote kwa mara moja na milima ya Kongo ng'ambo. Ukaacha kucheka. Ulikuwa umevuka kuingia Tanzania kwa miguu, usiku, kwa njia ya porini. Ziwa Tanganyika ulikuwa hujaliona kwa karibu hata siku moja. Mchana ule ulipimwa macho, na ulipotoka hospitali na cheti cha miwani ulisema hata bila miwani yale maji umeyaona.

Jumamosi tukafika Ilagala. Kasimu aliegesha nje kidogo ya kijiji, penye michikichi, magurudumu karibu yaguse mchanga. Dagaa walikuwa wameanikwa kila mahali, wanang'aa. Wanawake waliokuwa wakikamua mawese walituuzia chupa moja, wakatupa na ya pili bure kwa sababu ya mapazia yako, kila mmoja alitaka kujua yameshonwa na nani. Tukala samaki wa migebuka na ugali wa muhogo. Mpango ulikuwa kulala pale, Jumapili asubuhi tuanze kurudi.

Asubuhi Kasimu alikuwa ameshakunja turubai. Mimi nikasema tuongeze siku. Nikasema kibali kina Jumatatu nzima, tukiondoka Jumatatu alfajiri jioni tutakuwa kambini, hatujavunja sheria ya mtu. Kasimu alinitazama. Yeye hakujua chochote, ila alikuwa ananijua mimi. Akaniuliza kama kuna jambo. Nikamwambia hakuna. Ukasema wewe, "Sina la kufanya Jumatatu asubuhi. Alina yuko salama. Tukae."

Sina la kufanya Jumatatu asubuhi. Nilisikia vizuri, nikaenda kuteka maji.

Naomba unielewe, Generoza, siku ile nilikuwa na furaha. Ningetaka kukuambia dhamiri ilinitafuna tangu asubuhi, lakini nisingekuwa mkweli. Ilinitafuna mpaka saa nne hivi. Halafu nikakufundisha kulala juu ya maji. Wewe mtu wa milimani ulikuwa unaogopa maji yakifika gotini. Nikaweka mkono chini ya mgongo wako, nikakuambia legeza shingo, acha masikio yaingie, tazama juu. Ulinishika bega ukanichuna ngozi. Mara kumi ulizama, ukatoka ukikohoa na kunitukana Kirundi. Ya kumi na moja nikaondoa mkono na hukujua. Ulilala pale, khanga imetanda pembeni yako, macho wazi. Muda mrefu. Ulipogundua nimesimama mbali hukuogopa. Ukasema polepole, bila kunigeukia, "Sisikii kitu. Hakuna anayeniita."

Na mimi nilijua kwamba kesho yake asubuhi kuna atakayekuita.

Jumatatu tuliingia kambini saa kumi. Mama Domitila alikuwa amesimama njia panda na Alina mgongoni, na kwa jinsi alivyosimama nilijua amesimama hapo kutwa. Alianza kusema kabla gari halijazimwa. Wamekuita jina lako saa mbili. Wamerudia saa nne. Wamerudia saa sita, kwa kipaza sauti, halafu wakafunga daftari. Ulimpokea mtoto, ukamnusa kichwani, ukaenda moja kwa moja ofisini na vumbi lako lile lile. Mimi nilibaki ndani ya gari nimeshika pazia.

Uliandika barua. Nilikusaidia kuiandika, mwandiko wangu ukiwa umenyooka mstari kwa mstari. Wakasema subiri. Ukasubiri. Mwaka uliofuata wakasema orodha ya kundi lenu imefungwa. Ulikuja kuniambia pale zahanati, ukavaa koti lako la ukalimani, ukaita mgonjwa wa kwanza. Wiki nzima hukula vizuri. Halafu ukaanza tena kucheka. Hukuwahi kuniuliza. Miaka yote ile hukuniuliza, na mpaka leo sijui kama ni kwa sababu hukujua, au kwa sababu ulijua.

Kambi ilipofungwa mlirudishwa kwenu. Ulikuwa mgeni kwenu, kama ulivyosema. Lile shamba mligawana na yule mliyemkuta akililima, nusu kwa nusu, baada ya maneno mengi. Ulinipigia simu kila ukipata chaji. Mwaka juzi ukaniambia, katikati ya habari za mihogo, kwamba una kivimbe kwenye titi la kushoto, kina miezi kama minane, hakiumi. Nilikuwa nimesimama jikoni. Nikakuambia nenda Bujumbura kesho, Generoza, kesho, mimi ni nesi nakuambia. Ulikwenda baada ya mavuno.

Huko mbali kuna mtu angekupima kila mwaka. Hilo ndilo ninaloamka nalo. Naoga nalo. Nimeacha kazi miezi sita kabla ya muda wangu kwa sababu sikuweza kukaa kwenye kiti nikaandika jina la mgonjwa. Natembea. Naenda Kigoma kwa miguu, naangalia meli bandarini, narudi kwa miguu. Bodaboda wamenizoea, wananiuliza, "Mama, leo tena?" Kasimu anasema nitafute mganga. Yeye bado yupo, miguu inamsumbua. Nyumba Inakwenda tuliiuza zamani kwa mchuuzi wa samaki. Barabara ya Kalinzi uliyoijua na mashimo yake sasa ni lami, unafika kabla hujamaliza stori. Zahanati yetu pale kambini imekuwa shamba la mahindi.

Juma lililopita Alina akabisha hodi. Ana kimo chako na kucheka kwako. Ananiita mama mkubwa. Kabla hajamaliza chai akaniomba nimpeleke Ilagala. Ndipo nikajua kwamba ulimlea kwa hadithi ya Jumapili ile. Kambini mlipokosa chakula ulimsimulia. Njiani mkirudishwa, kwenye lori, ulimsimulia. Hata hospitali, siku za mwisho, alikuambia, "Mama, lala juu ya maji," na ukafumba macho na uso ukalegea. Alinieleza haya akitabasamu, mikono yake juu ya yangu, na mimi nilitaka kuiondoa mikono yangu nisijue pa kuiweka.

Tulikwenda Jumanne. Ningeweza kunyamaza. Nilipiga hesabu hiyo njia nzima. Mtoto hana mama, ana siku moja ya mama yake, na mimi nataka kuigusa? Lakini tulipofika penye mchanga alianza kunishukuru. Alisema hajui maisha yenu yangekuwaje bila mimi. Hapo sikuweza. Nilimwambia yote, karani, pazia, sweta, Manyovu, siku niliyoiongeza. Nilisema nikitazama miguu yangu.

Hakupiga kelele. Aliokota kijiwe, akakipangusa mchanga kwa kidole. Halafu akasema, "Ungeniachia hiyo siku, mama mkubwa."

Akavua viatu akaingia majini mpaka magotini, akasimama ananipa mgongo. Wanawake wa dagaa walikuwa wanageuza samaki wao, wakatuamkia, nikawaitikia, marahaba, marahaba, kama mtu mwenye akili timamu. Alina alipotoka gauni lilikuwa limelowa. Alipita mbele yangu akaelekea barabarani. Siku mbili hakunisemesha. Alikula, aliosha vyombo, alisalimia majirani. Nilidhani ataondoka bila mimi na nikaona ni haki yake.

Jana asubuhi akaja nilipokuwa nafua. Akainama akashika ncha ya pili ya shuka, tukalikamua pamoja. Akasema, "Bibi hajui. Yeye bado anauliza kwa nini mama hakupelekwa ng'ambo wakati wenzake wote walipelekwa. Utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusemea." Nikamwambia sawa. Akaniambia pia amenisamehe nusu, hiyo nyingine hajui bado, nisimuulize. Nikamwambia sitauliza.

Kwa hiyo nakuja. Naogopa, Generoza. Mama yako ana zaidi ya miaka themanini na sitakuwa na mkalimani, maana Alina amekataa, na ni sawa. Tangu jana nimekuwa nikimwomba fundi cherehani wa hapa mtaani, mtu wa kwenu aliyebaki, anifundishe sentensi tano za Kirundi. Nazisema nikipika, nazisema nikitembea. Ya kwanza inasema, ni mimi niliyemzuia. Ulimi wangu unaivunja lakini anasema itaeleweka.

Sikuombi unisamehe. Hauko mahali pa kunijibu, na nisingependa kujijibu kwa niaba yako, nilishakuamulia ya kutosha. Nakuambia tu kwamba ulikuwa rafiki yangu, na nilikupenda vibaya, na nilijua nilichokuwa nafanya.

Nakuahidi hili. Nikifika kwenu sitakwenda kaburini kwanza. Nitaingia kwa mama yako, nitapiga magoti, nitasema sentensi zangu tano mpaka mwisho hata kama zimevunjika. Akitaka niondoke nitaondoka. Ila sitanyanyuka kabla hajamaliza kuniuliza yote anayotaka kuuliza.

N'agasaga, kama mnavyoagana kwenu. Jumatatu nakuja.

Wako,
Mwajuma